Wanja wa Mama Mkwe

Watu wakisikia habari za kuzamia baharini, swali lao la kwanza ni papa. Mapovu alikuwa amechoka kulijibu. Katika miaka yake yote ya kufundisha watu kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, papa hakuwahi kumfanyia ubaya wowote. Kiumbe pekee aliyewahi kumtoa kijasho chembamba alikuwa mama mkwe wake, na huyo alikaa nchi kavu, tena chumba cha pili kutoka chake.

Jina la Mapovu alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu kutwa nzima wimbo wake ulikuwa mmoja: ukipanda kutoka chini, usiyapite mapovu yako. Mama mkwe naye alikuwa na jina lake la mjini. Kabla ya kustaafu alikuwa mtahini wa udereva, na waliokuwa wakitafuta leseni walimwita Bi Rudia. Hakuwa na maneno mengi. Ukipita, aliigonga dashibodi mara mbili kwa pete ya kidole chake, ko, ko, na hapo hata mtu mzima mwenye mvi aliweza kulia kama mtoto. Ukianguka, alisema "Rudia," akashuka, akafunga mlango taratibu. Wakubwa walimsihi, warembo walimchekea, mchungaji mmoja alimwombea palepale kwenye kiti, na wote wakarudia. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," ndivyo alivyozoea kusema, kisha akamwita anayefuata.

Mapovu alitahiniwa naye mara tatu. Mara ya kwanza alizilaza koni za mstari mzima. Mara ya pili alirudi nyuma mpaka kwenye benchi la mlinzi, na mlinzi akiwa amekaa. Mara ya tatu aliendesha vizuri mno, akaegesha kwa mkono laini, akageuka kusubiri ko, ko yake. Bi Rudia akasema, "Ulipoondoka hukutazama kioo." Tena akasema lile neno lake.

Siku hiyohiyo, akiwa amekaa ukutani anajionea huruma, alimwona msichana aliyemletea mtahini chakula cha mchana. Mengine mnayajua. Leseni alikwenda kuichukua mji mwingine, kwa mtahini aliyemuuliza kitu kimoja tu, kama anajua honi ilipo. Kwa hiyo leseni aliipata, binti akampata, ila ko, ko hakuipata. Na mama mkwe hakusahau. Tangu harusi hajawahi kukaa kiti cha mbele kwenye gari la mkwewe. Hukaa nyuma, akashika kile kishikizo cha juu ya mlango kwa mikono miwili, hata wakienda dukani tu.

Sasa ndipo siku moja, wakiwa kwenye chai ya asubuhi, yeye na binti yake na mkwewe, Bi Rudia akaweka kikombe chini na kusema, "Mkwe, nataka kuzama."

Mapovu chai ikampalia.

"Usikohoe, nisikilize. Binti yangu huyu kila siku ananieleza habari za shamba lake la matumbawe. Mara limechanua, mara samaki wamehamia. Nimechoka kusifiwa shamba nisiloliona."

Mkewe Mapovu kazi yake ilikuwa hiyo. Alikuwa akichukua vipande vya matumbawe vilivyovunjika na kuvifunga kwenye vyuma chini ya bahari, kama mtu anayepanda vipando vya mihogo, akingoja viote. Alimrukia mama yake shingoni kwa furaha. Jumamosi! Jumamosi watazama wote watatu! Mapovu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikataa.

Si kwamba hakutaka mtu aonje raha ile. Mapovu alikuwa mgonjwa wa kuzama, na hakutaka kupona. Chini kule mtu wa kilo mia anakuwa unyoya. Simu haiiti, jirani hapigi redio, hata anayekudai akikuona hawezi kukusemesha. Na kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa pumzi ya kwanza. Mwanafunzi anatia kipumulio mdomoni, anaingiza kichwa majini, mwili wote unamwambia asipumue, anapumua, na anakuta yu hai. Hapo kila mtu hucheka. Hajapata kuona asiyecheka. Wanasheria hucheka, wahasibu hucheka. Mapovu angeweza kufundisha bure ili aone kicheko kile, jambo ambalo mkewe alimkataza kulisema hadharani.

Lakini alikuwa mkali. Mjini kulizuka shule za chapuchapu, unaingia asubuhi, na kadi ya uzamiaji unakabidhiwa kabla nywele hazijakauka. Mapovu alizichukia shule hizo kama vile mwenye duka anavyochukia panya. Alikuwa amekutana na watu wao baharini, wanarusharusha miguu kama kuku aliyeshikwa, kadi mpya mfukoni. Kwake yeye hakuna njia ya mkato. Na katika mazoezi yote, moja hakulisamehe kwa yeyote. Unapiga magoti chini ya bwawa, unavua miwani ya kuzamia kabisa, ile inayofunika macho na pua, unakaa unapumua kwa mdomo maji yakiwa usoni, kisha unaivaa tena, unatazama juu na kupuliza kwa pua mpaka maji yote yatoke. Asiyevua, hazami. Baharini miwani hutoka bila kuomba ruhusa, na mwenye hofu hukurupuka kwenda juu akiwa ameziba pumzi. Mapafu hayapendi mchezo huo hata kidogo.

Basi Jumatatu wakaanza bwawani. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi wa kutisha. Kitabu alikimeza siku moja, na akamsahihisha mwalimu mara mbili. Alivaa vazi la mpira lililombana toka shingoni mpaka vifundoni, akapita kando ya bwawa kwa mapezi miguuni, pata pata pata, kwa heshima zote, na kuna mtu aliyekuwa akifagia alijificha nyuma ya mlango ili acheke. Kisha akavuta pumzi ya kwanza chini ya maji. Mapovu aliyaona mapovu yanamtoka mfululizo, kidogokidogo, hi hi hi hi, na ilimchukua muda kuelewa kwamba Bi Rudia alikuwa anacheka. Kicheko hicho nyumbani hakikuwahi kusikika.

Alhamisi ikafika zamu ya miwani.

Sasa hapa lazima tumwonee huruma kidogo mwalimu wetu. Mapovu alilelewa kwamba mkwe hakodolewi macho. Nchi kavu alizungumza na mama huyu akitazama ndala zake, na kwa miaka yote hiyo angeweza kuzichora ndala zile kwa moyo, lakini rangi ya macho ya mama mkwe ungemuuliza asingejua. Na leo ampigie magoti mbele, uso kwa uso, amkazie macho akiwa amefumba yake, nywele zimesimama, pua inatoka kamasi? Alijaribu. Wallahi alijaribu. Mama mkwe alipopeleka mikono kwenye miwani, macho ya Mapovu yakajiendea yenyewe chini, kwenye vigae vya bwawa, na yakabaki huko yakikagua kigae kimoja chenye ufa. Alisikia mapovu mengi. Akasikia kupuliza kwa nguvu. Alipoinua macho, miwani ilikuwa mahali pake, na mama mkwe amekunja kidole gumba na cha shahada kuwa duara, alama ya kwamba mambo ni safi. Mapovu akarudisha duara lake, na hivyo ndivyo alivyompitisha.

Usiku huo, mezani, Bi Rudia aliusimulia mtihani wake kama mtu aliyerudi vitani. "Nikaivua, mwanangu. Maji haya hapa! Nikakaa kimya, nikasema, maji, fanyeni mtakalo."

Binti yake alimtazama mama kwa muda, akaitikia, akaendelea kula. Walipobaki wawili jikoni wanaosha vyombo, alimgeukia mumewe.

"Ulimtazama mama usoni leo?"

"Mimi nimtazame mama yako usoni? Una nini wewe?"

"Ana wanja."

"Kila siku ana wanja."

"Ndiyo. Amepaka asubuhi, kama kila siku. Ameingia bwawani, amevua miwani, maji yamemjaa machoni, amekaa nayo, amepuliza. Na wanja wake umenyooka vilevile kama ulivyotoka chumbani asubuhi." Akamkabidhi sahani. "Mama yangu anaogopa maji machoni tangu nimjue. Akiosha uso, taulo lazima liwe mkono wa kushoto, tayari."

Sahani ilimponyoka Mapovu ikarudi kwenye sabuni.

Hakulala vizuri, na ilikuwa haki yake. Mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu alikuwa amempitisha mtu asiyestahili, na mtu mwenyewe alikuwa mama wa mkewe. Akinyamaza, Jumamosi atamshusha baharini mwanamke ambaye miwani yake ikichomoka tu ataruka juu kama kizibo. Akisema, atakuwa amemwambia Bi Rudia, yeye aliyeuambia mji mzima urudie, kwamba ameanguka. Tena kwamba ameiba. Asubuhi alisimama mbele ya pampu ya kujazia mitungi akafanya mazoezi ya hotuba. "Mama, kwa heshima na taadhima..." Pampu ikanguruma. "Mama, unajua nakupenda..." Hapana, hapana, hiyo ndiyo itamuua kabisa.

Mchana wa Ijumaa alimpeleka mama mkwe kununua soksi za kuvalia mapezi. Yeye usukani, mama nyuma, mikono miwili juu ya kishikizo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mapovu akainua macho kwenye kioo cha ndani, na kwa mara ya kwanza akayakuta macho ya mama mkwe na hakuyakimbia.

"Mama. Jana hukupita."

Bajaji ikawapita upande wa kulia, mwenye matunda akavuka na toroli.

"Simamisha gari," alisema Bi Rudia.

Akaegesha. Kwa woga akaegesha vizuri kuliko siku zote.

"Nimeangusha watu miaka ishirini na sita. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuniangusha mimi. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Mama."

"Na umejuaje?"

"Wanja."

Bi Rudia akagusa kope zake kwa ncha ya kidole, polepole. Akashusha pumzi ndefu. "Wanja," akasema. "Nimekamata watu kwa makosa madogo kuliko hayo." Halafu akainama mbele, uso ukasogea kati ya viti viwili. "Nikuulize wewe sasa. Jana nilipoinua ile miwani upana wa kidole kimoja tu nikairudisha, wewe mwalimu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale."

"Ulinitazama?"

Mapovu alihisi miaka inarudi nyuma, koni, benchi, mlinzi na yote. "Sikukutazama, Mama. Nilitazama vigae."

"Vigae."

"Kimoja kina ufa."

Kulikuwa na sauti nyuma. Mapovu alidhani mama analia, akageuka kwa hofu, na kumbe Bi Rudia anacheka. Alicheka akiwa amejishika ubavu, na kishikizo amekiacha. "Mwanafunzi havui, mwalimu hatazami! Loo! Shule hii ingekuwa yangu ningeifunga kesho!" Akafuta macho, na hapo ndipo wanja ulipoharibika. Sauti yake ikashuka. "Mkwe, maji yakiniingia machoni naona kifo. Tangu mdogo. Niliona aibu kukuambia. Wewe uone aibu kunitazama, mimi nione aibu kuogopa, sasa baharini nani angemwokoa mwenzake?"

"Hakuna, Mama."

"Basi tumeanguka wote wawili. Geuza gari." Kisha, kwa sauti ileile ya zamani, "Turudie."

Alasiri ile bwawa lilikuwa lao peke yao. Mama mkwe aliosha uso kwanza, wanja wote ukatoka, taulo mkono wa kushoto. Wakapiga magoti chini, uso kwa uso. Mapovu alishika mkanda wa jaketi la kuzamia la mama kwa mkono mmoja, wa pili akampa aubane apendavyo. Na akatazama. Alitazama mikono inapopanda, inapotetemeka kwenye mpira wa miwani, inaposhuka tena. Mara ya kwanza alivua, akaruka. Mkanda ukamrudisha. Mapovu akamwonyesha mapovu yanavyopanda taratibu, usiyapite, usiyapite. Mara ya pili alivua, akabaki.

Ndipo Mapovu alipouona uso wa mama mkwe. Ulikuwa uso mtupu, macho yamefumbwa kwa nguvu zote, paji limekunjamana, mashavu yanacheza. Aliujua uso ule! Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa nyuma ya usukani, mtahini kando, hajui kama atapita. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe mara tatu. Alimpenda mama huyu pale pale, ghafla, bila mpango, akambana mkono ili ajue kwamba yupo.

Pumzi moja ikatoka, ikaja nyingine. Kisha Bi Rudia akafumbua macho ndani ya maji. Hakuona kitu, ukungu tu wa buluu na mkwe aliyetandaa kama uji, lakini hakufa. Mapovu aliuona mshangao ule unaingia usoni kwa mlango na madirisha. Akavaa miwani, juu chini. Akaigeuza. Akapuliza, maji yakatoka nusu, na hapo akaanza kucheka, na ukicheka mashavu huinuka na maji huingia tena, akapuliza tena, akacheka tena, mpaka Mapovu naye miwani ikamjaa. Walikaa chini ya bwawa wakipuliza na kucheka kama watoto wawili waliofungiwa stoo. Mtu wa ufagio alichungulia kutoka juu akaona maji yanachemka.

Jumamosi bahari ilikuwa tulivu. Walishuka wakifuata kamba, mke mbele, mama katikati, Mapovu ubavuni kwa mama, na safari hii hakuona samaki hata mmoja, maana macho yake yalikuwa na kazi moja. Shamba likatokea chini yao. Vyuma vilikuwa vimepotea ndani ya matumbawe ya zambarau na manjano, na vijisamaki vinatoka na kuingia kama watu wenye haraka zao. Mkewe alishindwa kujizuia. Alifika kwanza, akageuka kwa furaha kumwonyesha mama, tazama, tazama, na pezi lake likazunguka na kumpiga mama yake kofi la uso. Miwani ikaruka.

Mapovu alikuwa amekwishaufikia mkanda. Hakuwa na haja ya kuogelea wala kutafuta, kwa sababu hakuwa ametazama pengine. Kwa mkono wa pili aliidaka miwani ikizama. Bi Rudia, macho wazi ndani ya chumvi, alinyoosha mkono bila kuona kitu, akaukuta mkono wa mkwe ukimngoja na miwani ndani yake. Hakuruka. Akaivaa, akatazama juu, akapuliza mara moja tu, kavu. Halafu akamgeukia binti yake aliyekuwa ameganda kwa hofu, akaonyesha nyuma ya bega lake mwenyewe, kwamba hukutazama ulipogeuka, akamtikisia kidole cha shahada polepole, kulia, kushoto. Kila aliyewahi kukaa naye garini angeelewa kuwa binti huyu mwenye shamba ameanguka.

Wakaendelea. Mapovu alikuwa anacheka peke yake ndani ya kipumulio aliposikia chuma kinalia nyuma ya kichwa chake. Mtungi wake ulikuwa umegongwa kwa pete.

Ko, ko.

Aligeuka haraka, akidhani mama anamwita, hewa imepungua, kuna jambo. Mama mkwe hakuwa anamwita. Alikuwa ameshusha mkono, anatazama samaki, kama mtu aliyemaliza kazi na kumngoja anayefuata. Mapovu alibaki akielea hapo. Miwani yake ikaanza kujaa maji kwa ndani, na safari hii si kwa kucheka, ikambidi atazame juu apulize, mwalimu mzima, mbele ya familia.

Jioni walipakia mitungi garini. Mkewe alikwenda mlango wa mbele kama kawaida, akakuta kiti kina mtu. Bi Rudia alikuwa amekwishakaa, nywele zimejaa chumvi, mikono yote miwili mapajani.

"Wewe kaa nyuma," alimwambia binti yake. "Huangalii unapogeuka."

Mapovu akaingia, akafunga mkanda, akashika ufunguo.

"Kioo," alisema mama mkwe.

Mapovu akatazama kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto, kisha akamtazama na yeye usoni, wakaondoka.